Gauni Halifungi, Sauti Imeshuka, Mtoto Ana Miezi Tisa

SWALI: Salamu mama, niko Umoja, Nairobi. Kabla ya kujifungua nilikuwa naimba na bendi ya harusi kila wikendi, na nguo zangu za jukwaani nilijishonea mwenyewe. Sasa mtoto ana miezi tisa. Gauni langu la satini, lile la rangi ya dhahabu, halifungi mgongoni, linaacha nafasi ya vidole vinne. Sauti imekuwa nzito na pumzi inakatika kabla mstari haujaisha. Nikikaa kuandika wimbo yanatoka maneno ya kadi tu: mwanangu nakupenda, wewe ni baraka. Watu wananiambia uzazi ni hazina, nitoe mtindo wa nguo na wimbo humo humo, nimpige mtoto picha tuvae sare, watu watapenda. Sitaki kumfanya mwanangu bidhaa. Lakini kukaa bure nako kunaniua. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye hivyo vidole vinne, mdogo wangu.

Nimeshonea waimbaji wa mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya hapo nilikuwa muitikiaji jukwaani. Swali lako nimeulizwa mara nyingi, ila wengi huja wakiwa wamelipamba. Huniambia wanataka nguo “za kusherehekea umama”, wakanionyesha kwenye simu picha za mawingu na vitambaa vya waridi. Huwa nawauliza: jana saa tisa usiku ulikuwa umevaa nini? Hapo mazungumzo ndiyo huanza, maana hakuna aliyekuwa amevaa wingu. Mmoja alikuwa na fulana ya mumewe iliyokatwa kola kwa mkasi ili titi litoke juu. Basi ile shingo iliyokatwa kwa mkasi ndiyo iliyonipa kazi, nikaitengeneza vizuri na hadi leo naishona.

Wewe una kitu kama hicho, lakini umekificha nyuma ya neno “baraka”. Nguo na nyimbo za akina mama zilizodumu zilitokana na shida ya mikono, hisia zikafuata baadaye. Jeanne Lanvin alikuwa mtengeneza kofia pale Paris. Alipomzaa binti yake mwaka 1897 akaanza kumshonea nguo, na wanawake waliofuata kofia wakaziona, wakataka za watoto wao. Mwaka 1908 akafungua idara ya nguo za watoto, mwaka uliofuata akaongeza za wasichana na mama zao. Mpaka leo nembo ya Lanvin ni mama na binti. Au Sonia Delaunay, mchoraji, mji ule ule. Mwaka 1911 alipopata mtoto wa kiume alimuungia blanketi la vipande vya vitambaa, kama alivyoona wakulima wa Ukraine wakifanya. Alipolitazama lile blanketi akaona mchoro. Mwaka 1913 akajishonea gauni kwa namna ile ile ya kuunga vipande, na baadaye akageuka mbunifu wa vitambaa na mavazi. Blanketi la mtoto liko kwenye jumba la sanaa Paris. Kumbuka lilivyoanza: mtoto alihitaji kujifunika.

Wa juzi unamjua mwenyewe. Februari 2023 Rihanna alisimama katikati ya uwanja wa Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, na suti nyekundu ya kipande kimoja, zipu ikiwa wazi mpaka chini ya tumbo, na dunia nzima ikajua ana mimba ya pili. Hakutangaza neno. Mimi fundi niliitazama ile zipu tu, nyimbo nikazisikiliza kesho yake.

Sasa nikupe yangu, ambayo haina uwanja wala taa nyekundu. Kifungua mimba wangu alikuwa na miezi mitano niliporudi kuitikia kwenye bendi, katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Nilivaa satini ya kijani kibichi iliyofifia. Wimbo wa tatu, mtoto wa mgeni mmoja akalia meza ya mbele. Wewe unanyonyesha, unajua kilichofuata: titi halijui mtoto wa nani analia. Madoa mawili, mapana kama sahani za kikombe, na satini haifichi hata tone. Leso ilikuwa kwenye mkoba nyuma ya spika. Nikainama kama ninayecheza, nikaichomoa, nikaikunja pembetatu na kuifunga kifuani, fundo begani, wimbo ukaendelea. Tulipopumzika nikaomba mahali pa kukamulia, msimamizi akanionyesha kwa kidole mlango wa choo. Aliyeniokoa ni mpishi. Alinifungulia stoo, nikakamua maziwa nimekaa juu ya gunia la mchele, harufu ya vitunguu puani. Siku hizi Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, lakini mwimbaji wa kuitwa wikendi huwa hajui mwajiri wake ni nani siku hiyo. Kwa hiyo liandike kwenye makubaliano kabla ya kupokea malipo ya awali: chumba chenye kufuli na soketi, na si choo.

Wiki iliyofuata wanawake wawili waliokuwa kwenye ile sherehe walinitafuta. Walitaka “ile nguo yenye leso kifuani”.

Basi tuzungumze leso, maana sijaona shule ya mitindo inayoizidi. Orodha za kujifungulia za hospitali zetu nyingi huwa na leso, kwa hiyo ulikuwa nazo kabla ya kuwa na mtoto. Kipande kimoja kina kama sentimita 150 kwa 110, na hakina mshono wala kipimo cha kiuno. Mwanamke wa kilo hamsini na wa tisini wanafungana kwa kitambaa kile kile. Umembebea mtoto mgongoni, umemfunika jua kwenye matatu, umejifunga tumbo, umepangusia matapishi, na ukiifua inarudi kuwa vazi la heshima. Angalia ilivyogawanywa: pindo kuzunguka ukingo, mji katikati, na jina, yale maneno machache chini ya mji. Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya chapa ya Mali ya Abdulla, imekuwa kwenye biashara hii tangu 1887. Yaani kwa zaidi ya miaka mia wanawake wa pwani na bara wamekuwa wakivaa mstari mmoja wa maneno kiunoni. Wewe unayetafuta mahali nguo na wimbo vinapokutana, umekaa juu yake.

Lakini tafadhali usiniletee NANI KAMA MAMA. Ninazo mbili, zote za zawadi, na nazipenda kwa sababu ya walionipa. Hilo jina limeshafanya kazi yake, liache lipumzike.

Kwanza nguo. Kifua cha anayenyonyesha hakina kipimo kimoja kwa siku. Chukua futi, jipime kabla mtoto hajanyonya, jipime tena akishanyonya, andika namba zote mbili. Utashangaa. Fundi ambaye hajazaa hukata kwa namba moja, ndiyo maana nguo inakubana jioni na asubuhi ilikuwa sawa. Kata kwa ile kubwa, halafu tafuta njia ya kupunguza: kamba ya kufunga ubavuni, marinda yanayofunguka, lastiki nyuma tu ambako haionekani kwenye picha. Kwa mlango wa mtoto ninazo njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni mikunjo miwili ya kitambaa inayopishana kifuani, kama leso iliyofungwa. Ya pili ni zipu nyembamba iliyofichwa ndani ya ule mshono unaoshuka kutoka begani, kupitia kifuani, mpaka kiunoni. Mshono ungekuwepo hata hivyo, kwa hiyo hakuna anayejua. Vifungo vya mbele viache. Mtoto wa miezi tisa atavila.

Kitambaa chagua cha pamba chenye maua ya kukaribiana au michoro mingi, kizito kiasi, na bitana ya pamba eneo la kifua. Kitenge kinafaa, yadi zake sita zinatosha gauni na kilemba, na kibaki cha kubebea mtoto. Ukiwa na nusu siku nenda Eastleigh ulinganishe bei. Ukiwa na saa moja pita Biashara Street, ambako, kwa bahati ya mji huu, wauza vitambaa na wauza nguo za watoto wachanga wako barabara moja. Mimi huenda Gikomba alfajiri kutafuta mashuka ya pamba ya mitumba kwa ajili ya bitana. Yameshafuliwa mara mia na hayamwashi mtu.

Sauti nayo. Usiseme imeharibika. Mimba ilisukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu unaovuta pumzi, mbavu zikapanuka, misuli ya tumbo ikavutika. Hiyo misuli ndiyo uliyokuwa ukiitegemea kila ulipoimba mstari mrefu. Kwa wengine ile ya katikati huachana na huchelewa kurudi. Jipime: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, gusa juu na chini ya kitovu. Ukihisi pengo la zaidi ya vidole viwili, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kufuata mazoezi ya tumbo ya kwenye simu, kwa sababu mengine huliongeza. Kama hakuna pengo, chukua mrija na nusu glasi ya maji, vuma ndani ya maji mpaka yatoe mapovu, dakika tano, mara mbili kwa siku. Zoezi hilo hufundisha pumzi kutoka taratibu bila kulikaba koo, na mwanao atacheka sana. Kunywa maji pia, maziwa yanayachukua.

Na uzito wa sauti? Mimi ningeuacha. Mwambie mpiga kinanda ashushe: wimbo uliokuwa ukiuimba kwenye G apige F, usikilize wiki moja kabla hujauhukumu. Nimesikia waimbaji wawili watatu wakipigana na sauti iliyoshuka baada ya kuzaa, wakitaka ile ya usichana, mpaka wakaumia koo kweli. (Neno koo linanikumbusha: duka la nguo la KikoRomeo, ambalo Ann McCreath alilianzisha hapa Nairobi mwaka 1996 na ambalo binti yake Iona ndiye aliyeshika usukani wa ubunifu, limepewa jina la kile kifundo cha shingoni. Nguo yenye jina la koo, mama akampa binti. Nalipenda jambo hilo bila sababu ya kitaalamu.) Wala usidhani miezi tisa nje ya jukwaa imekufuta. Wahu alijifungua mwaka 2006, na mwaka 2008 tuzo za MTV Africa zilipofanyika kwa mara ya kwanza, mwimbaji bora wa kike alikuwa yeye.

Wimbo sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Ulifanya KCSE, kwa hiyo unazikumbuka sifa za bembelezi, zile nyimbo za kumlaza mtoto: ni fupi, hurudiwarudiwa, huimbwa kwa sauti ya chini na mahadhi ya taratibu. Tulikariri tukasahau kilicho muhimu zaidi, kwamba mle ndani mna ahadi na mna vitisho. Mtoto anaahidiwa mkate, halafu anaambiwa fisi yuko mlangoni. Kwa nini mama amwimbie fisi mtoto anayempenda? Kwa sababu mtoto haelewi maneno, anasikia sauti tu. Maneno ni ya mama mwenyewe. Hapo ndipo mahali pekee katika siku nzima anapoweza kusema baba hajarudi, unga umeisha, mgongo unauma, na hakuna atakayemjibu “mshukuru Mungu”. Bembelezi ni malalamiko yaliyopakwa asali. Wewe umekuwa ukijaribu kuandika asali tupu.

Na mahadhi unayo tayari mwilini. Ukitembea chumbani na mtoto begani unayumba kwa mapigo mawili makubwa, na ndani ya kila pigo mna vipande vitatu vidogo. Mguu wa kulia, moja mbili tatu. Wa kushoto, moja mbili tatu. Mpe mpiga ngoma hatua hizo, usimpe maelezo. Tembea mbele yake umebeba mto.

Maneno yatafute kwa njia ya jina la leso. Sheria yangu kwa wanafunzi ni kwamba kabla ya ubeti wowote, niandikie mstari mmoja unaoweza kukaa chini ya mji wa leso, kwa herufi kubwa. Kuna mama mmoja wa Kawangware aliniletea WEWE NI MALAIKA WANGU. Nikamwambia malaika halii saa tisa usiku, niambie unalalaje. Akasema analala mkono juu ya tumbo la mtoto ili ahisi linapanda na kushuka. Likichelewa kupanda, anaamka. Nikamuuliza, kwa hiyo unalala kweli? Akasema, “Nusu yangu ndiyo inalala.” Tulikaa kimya kidogo, kisha akachukua chaki yangu ya kukatia akaandika kwenye meza: NIMELALA NUSU, NUSU NAKULINDA. Hesabu mizani, sita kwa sita, inayumba yenyewe. Kiitikio kikawa kimepatikana, na hakina neno “mtoto” wala neno “upendo”. Beti tatu zilizofuata zilikuwa za mambo yanayosikika usiku na mtu aliyelala nusu: mlinzi akigonga rungu getini, tangi la maji likijaa juu ya paa, jirani akirudi kazini.

Fanya hivyo. Kila usiku wa wiki hii ukiwa umeamka kunyonyesha, rekodi kwenye simu dakika moja, unong'one unachosikia na unachofanya. Usiimbe. Usijisahihishe. Jumapili sikiliza zote saba huku unafua, utoe mstari mmoja wa leso. Ukipatikana wimbo, usajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kwenye mtandao wao kabla hujauachia. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu kumpiga picha mjipambe sare, umeshajijibu. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa haki ya faragha, ila hata bila sheria, yule mtoto atakuwa darasa la saba siku moja na wenzake watakuwa na simu. Mkono wake tu kwenye fundo la leso unatosha. Uso ni wake. Na kama unatafuta mabadiliko ya kuonyesha watu, yaonyeshe yako. Tangu ujifungue Umoja nzima inakuita Mama Fulani, sivyo? Ukitoka kwenda kuimba, mshereheshaji anatangaza jina lako la jukwaani. Unajibu majina mawili na kila moja lina sauti yake, moja la G na moja la F. Huo ni wimbo wa pili, na ni wa kumhusu mwanamke mzima, wala si mama peke yake. Ningekuwa wewe ningeuandika baada ya huu wa kwanza, kwa sababu ni mgumu zaidi.

Neno moja la pembeni. Umeandika kwamba kukaa bure kunakuua. Huenda ni lugha tu. Lakini machozi ya kawaida ya baada ya kujifungua huisha ndani ya wiki mbili hivi, na wewe uko mwezi wa tisa. Kama kuna asubuhi unaamka huoni sababu, au huhisi chochote ukimshika, mwambie muuguzi. Huu ndio mwezi wa chanjo ya surua, kliniki unakwenda hata hivyo. Akishamchoma mtoto, mwambie, “Na mimi je?” Wimbo hautibu hilo.

Turudi kwenye gauni. Usiligawe, na usiahidi kupungua mpaka likutoshe. Zipu iko nyuma, kwa hiyo usiiguse. Fumua mishono ya pembeni, kulia na kushoto, kuanzia kwapani hadi nyongani. Nafasi yako ni vidole vinne, tuseme sentimita saba; ongeza tatu za kupumulia ziwe kumi, gawa kila upande tano, na juu yake uache ya mshono sentimita moja na nusu kila ukingo. Kata vipande viwili kutoka kwenye leso uliyombebea mtoto, ile iliyofifia, maana mpya itachuja rangi kwenye satini: cha kushoto kwenye pindo, cha kulia penye jina. Ifue kwanza kwa maji ya moto na chumvi, uipige pasi. Satini inateleza, kwa hiyo tungia kwa mkono kabla ya kupitisha cherehani. Upande wa kushoto acha sentimita ishirini chini ya kwapa bila kushona, weka zipu ya kufichwa. Huo ni mlango wa mtoto. Kipande cha kulia kipange ili lile jina la leso lipite ubavuni kutoka juu kwenda chini, lisomeke ukiinua mkono wa maikrofoni.